Tulivuna vizuri na bado chakula kilituishia: tuongee kuhusu kula cha shambani mwaka mzima

JembeMoja (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za kilimo cha familia ni nyingi, na karibu zote zinaongelea kupanda: mbegu gani, nafasi gani, mbolea gani. Leo naomba tuongelee ghala, kwa sababu hapo ndipo sisi tulipoanguka.

Nyumbani tuko watu 6: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na watoto 3. Shamba halifiki hekta moja. Tulipoamua kwamba sehemu kubwa ya chakula chetu itoke hapo hapo, mwaka wa kwanza tulivuna vizuri sana. Nyanya ziliiva zote ndani ya wiki 3. Tulikula, tukagawa, nyingine zikaozea shambani. Maharage mabichi yalikuwa mengi mpaka watoto wakayakinai. Mahindi tuliyapukuchua tukayajaza kwenye magunia, tukaona mwaka umeisha salama.

Miezi minne baadaye tulikuwa tunanunua karibu kila kitu. Nilifungua gunia la tatu la mahindi, mkono ukatoka na unga, fukusi wamemaliza. Gunia la nne lilikuwa linanuka uvundo na chini limeshikana mabonge ya kuvu.

Mama alitazama akasema: "Mwanangu, ulilima mavuno. Chakula hujalima bado." Halafu akachukua mkaa, akachora miezi 12 kwenye ukuta wa jikoni, akaniuliza mwezi mmoja mmoja: hapa tunakula nini? Miezi mitano sikuwa na jibu.

Sasa tuko mwaka wa tatu, na mambo yamebadilika sana. Kitu kikubwa tulichobadili ni kwamba tunaanza na sahani ndipo tunakwenda kwenye jembe. Hesabu yenyewe iko hivi. Mtu mmoja kwa wastani wetu anahitaji kama kalori 2,200 kwa siku, kwa hiyo watu 6 ni 13,200. Tukitaka nusu itoke kwenye nafaka, ni 6,600. Kilo moja ya mahindi makavu ina kalori kama 3,600, kwa hiyo tunakula kilo 1.8 na kidogo kwa siku. Kwa mwaka ni karibu kilo 670. Maharage tukila gramu 60 makavu kwa kila mtu kwa siku, ni kilo 131 kwa mwaka. Juu ya hapo unaongeza mbegu ya msimu ujao na sehemu itakayoharibika.

Nilipoziona namba hizo niliona kwamba mwaka wa kwanza nilipanda nyanya mara tatu ya mahitaji yetu, na maharage ya kukausha hata nusu ya mahitaji hayakufika. Nilipanda kile ninachopenda kukiona kikichipua.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu wa kuhifadhi ndio nawahitaji zaidi.

---

Chipukizi_

Niko hapa kujifunza, mkuu. Hiyo ya kuanza na sahani sikuwahi kuifikiria.

---

MzeeWaKihenge

Kijana, mama yako ana hekima, msikilize.

Nina swali moja kabla sijasema mengi: mahindi uliyapima unyevu vipi kabla ya kuyaweka kwenye gunia? Wengi wanauma punje kwa meno, ikilia "ka" wanasema imekauka. Meno yanadanganya.

---

JembeMoja

Shikamoo mzee. Mwaka ule wa kwanza niliuma kwa meno, ndivyo nilivyofanya.

---

MzeeWaKihenge

Marahaba. Basi tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Weka mahindi yajaze theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi ambayo nayo imekauka kabisa, funga, tikisa kwa dakika moja, halafu iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani. Chumvi ikibaki chini bila kushika, yako chini ya 15. Kwa kuhifadhi muda mrefu lenga 13 au chini yake, kwa hiyo hata baada ya chupa kukuridhisha, ongeza siku moja mbili za jua kali.

Halafu usishtuke gunia likipungua. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20, ukizikausha hadi 13, zinabaki kilo 92. Hakuna aliyekuibia, ni maji yameondoka. Watu wengi wanaogopa kupoteza hizo kilo 8 wanahifadhi mahindi mabichi, mwishowe wanapoteza gunia zima.

Na usianike juu ya udongo mtupu. Kuvu anaishi kwenye udongo. Tandika turubai au jenga uchanja.

---

NgombeWawili

Mimi yale yaliyoshika kuvu siyatupi. Nawapa ng'ombe na kuku, wao matumbo yao ni magumu. Hakuna kinachopotea.

---

MtaalamuWaLishe

NgombeWawili, naomba uache hilo leo hii, na nakuandikia kwa heshima yote.

Baadhi ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga, hasa yule aitwaye Aspergillus flavus, wanatengeneza sumukuvu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo inaharibu ini, na kuila kidogo kidogo kwa muda mrefu kunahusishwa na saratani ya ini. Kuchemsha au kusaga hakuiondoi. Ng'ombe akila mahindi yenye sumu hiyo, mwili wake unaibadilisha umbo na sehemu yake inatoka kwenye maziwa. Kwa hiyo unaweza kuwa umemnyima mtoto mahindi mabovu ukampa sumu ile ile kwenye kikombe cha maziwa. Kuku nao hudhoofika, na utagaji hushuka.

Kabla ya kusaga, chambua kwa mikono: toa punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye rangi isiyo ya kawaida, zilizotobolewa. Sumu hukaa zaidi kwenye punje hizo. Zilizochambuliwa zizikwe, mifugo isizipate. Na jambo lenyewe linaanza kabla ya ghala: mahindi yaliyopigwa na ukame shambani na yale yaliyotobolewa na wadudu ndiyo yanayoingiliwa kirahisi.

---

NgombeWawili

Nimeelewa. Nina watoto wawili wanaokunywa maziwa hayo hayo. Asante sana kwa kuniambia wazi.

---

MamaVifaranga

Mleta uzi, hukugusa kuku, na kwenye miezi yako mitupu kuku wangekusaidia sana.

Ila nao wana kalenda yao. Yai linaatamiwa siku 21, halafu mtetea anachukua miezi 5 hadi 6, mbegu za kienyeji hata zaidi, kabla ya kuanza kutaga. Ukitaka mayai mwezi fulani, rudi nyuma miezi 7 uone ulipaswa kufanya nini. Kuku pia hunyonyoka manyoya mara moja kwa mwaka, na kipindi hicho hupumzika kutaga. Kwenye maeneo ambayo siku hufupika sana msimu wa baridi, mayai hupungua kwa sababu kuku anahitaji mwanga wa saa 14 hivi kwa siku ili atage vizuri. Ukiwa na kuku wote wa umri mmoja, watasimama wote pamoja. Gawa umri: watatu wa mwaka huu, watatu wa mwaka uliopita.

Jingine dogo: mayai usiyaoshe kabla ya kuyahifadhi. Yai linatoka na utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda, ukiliosha unauondoa na vijidudu vinapata mlango. Yenye uchafu kidogo yafute kwa kitambaa kikavu.

---

HesabuKwanza

Nisamehewe kama nitakwenda kinyume na wengi. Watu wanasema kula cha karibu kunaokoa dunia kwa sababu chakula hakisafiri. Utafiti uliofanyika Marekani na kutolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba usafiri ulichangia kama asilimia 11 tu ya gesi joto zinazotokana na chakula cha kaya ya huko, na zaidi ya asilimia 80 ilitokana na uzalishaji wenyewe. Aina ya chakula unachokula ina uzito kuliko umbali wake. Tulime, lakini tusidanganyane kuhusu sababu.

---

JembeMoja

HesabuKwanza, nakubaliana na wewe. Sikuanza kwa sababu ya umbali.

Nilianza kwa sababu binti yangu wa kati aliniuliza kama viazi vinaota kwenye mti. Alikuwa na miaka 7. Mimi nilikulia kwenye shamba la mama, na mtoto wangu hajui kiazi kinatoka wapi. Sikulala vizuri usiku ule.

Sababu nyingine ni ladha, na hiyo haihitaji kubishaniwa. Hindi bichi likishakatwa, sukari yake inaanza kugeuka wanga saa hiyo hiyo, ndiyo maana lililochemshwa dakika 20 baada ya kuchumwa halifanani na la jana. Nyanya iliyokaa siku kadhaa kwenye baridi kali inapoteza harufu yake. Mboga za majani hupungua vitamini C kila siku inayopita baada ya kuchumwa. Mtoto ambaye hakuwahi kugusa mboga sasa anakatiza bustanini akila maganda machanga ya njegere moja kwa moja kutoka kwenye mmea.

---

Chipukizi_

Wakuu, kaka yangu ananiambia kilimo cha eneo dogo ni kujifurahisha tu, dunia inalishwa na mashamba makubwa. Nimjibu nini?

---

HesabuKwanza

Mwambie hivi: mashamba yaliyo chini ya hekta 2 ni kama asilimia 84 ya mashamba yote duniani. Yanashika karibu asilimia 12 tu ya ardhi ya kilimo, na yanatoa takriban asilimia 35 ya chakula cha dunia. Hizo ni hesabu zilizotolewa mwaka 2021 na watafiti wanaofanya kazi na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Umoja wa Mataifa nao umeitenga 2019 hadi 2028 kuwa Muongo wa Kilimo cha Familia. Theluthi moja ya chakula cha dunia haitokani na watu wanaojifurahisha.

---

ShubakaLaMboga

Naomba nichangie kuhusu ile miezi mitano mitupu.

Mboga za majani zinakaushika vizuri sana na wengi wanazikosea. Zitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, zitoe, zipoze haraka kwa maji baridi, zichuje, halafu zianike kivulini penye upepo. Jua la moja kwa moja linaharibu vitamini A na C, unabaki na majani yenye rangi ya nyasi kavu. Zikikauka hadi zinavunjika mkononi, weka kwenye chombo kinachofunga vizuri, mahali penye giza.

Nyanya zikate, tia chumvi kidogo, hizo anika juani zikiwa zimefunikwa chandarua. Zile zako zilizooza zingekaa mwaka.

Maboga usiyakate kikonyo. Acha kikonyo urefu wa kidole, weka boga mahali pakavu penye joto siku 10 hivi mpaka ganda ligome kucha, ndipo uhifadhi. Viazi mviringo viweke gizani kabisa, vikigeuka kijani vina sumu. Vitunguu subiri shingo ikauke ndipo ukate majani.

---

BintiWaPili

Nimeona watu wanafunga maharage mabichi na mahindi kwenye chupa za kioo, wanachemsha chupa kwenye sufuria, zinakaa miezi. Nimefanya chupa 12 wiki iliyopita. Ni sawa?

---

MtaalamuWaLishe

Dada, hizo chupa 12 usizile, na usizionje hata kidogo.

Kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mbegu zake zinastahimili maji yanayochemka kwa nyuzi 100. Ndani ya chupa iliyofungwa hakuna hewa, na kwenye chakula kisicho na uchachu, bakteria huyo anaamka na kutoa sumu inayopooza misuli hadi ile ya kupumulia. Chakula kinaweza kunuka vizuri na kuonekana safi. Kuua mbegu zake unahitaji joto la nyuzi 116 hadi 121, na hilo linapatikana kwa chombo cha shinikizo kilichotengenezwa mahsusi kwa kuhifadhi chupa, kwa muda uliopimwa kwa kila chakula.

Vyakula vyenye uchachu wa kutosha, matunda mengi, jamu, achari yenye siki ya kutosha, hivyo maji yanayochemka yanatosha. Nyanya ziko mpakani, ndiyo maana huongezwa maji ya limau. Maharage mabichi, mahindi, nyama na mboga za majani: kausha, gandisha, au viache.

---

BintiWaPili

Mungu wangu. Nilikuwa nimpelekee mama mkwe chupa nne kesho. Nazitoa zote, na nazitupa bila kuzifungua. Asante sana.

---

GhorofaYaTatu

Habari za jioni wote. Mimi sina ardhi, nina dirisha tu. Je, mtu kama mimi ana nafasi gani kwenye habari hii?

---

JembeMoja

Nafasi kubwa sana, ndugu. Tafuta mkulima mdogo aliye karibu nawe mkubaliane kabla ya msimu. Wewe unalipa mapema, yeye anapata fedha ya mbegu bila kukopa, na kila wiki unachukua sehemu yako ya kilichokomaa. Wiki nyingine kapu limejaa, wiki nyingine lina vitu vitatu. Mkipigwa na mvua ya mawe mnaumia wote. Japani walianza utaratibu huo miaka ya 1970, wanauita teikei, na mashamba mawili ya Marekani yakaanza wa kwao mwaka 1986.

Sisi tuna familia mbili za namna hiyo. Mwaka huu viazi vyetu viliugua baka, tukapoteza karibu vyote. Nilipiga simu kuwaambia nikiwa na aibu. Mmoja akaniuliza: "Watoto wenu wana cha kula?" Jumamosi yake akaja na mume wake, wakatusaidia kupalilia maharage. Hakuna mnunuzi aliyewahi kuniuliza swali hilo.

---

DadaWaUchanja

Nimesoma uzi wote tangu mwanzo. Kuna jambo halijasemwa na ninalisema kwa sababu limeniumiza miaka mingi.

Yote mnayoandika hapa, kuanika, kuanua mvua ikitishia, kugeuza, kupepeta, kuchambua punje moja moja, kuchemsha mboga, nani anafanya? Nyumbani kwetu mavuno yakishaingia uani, wanaume wanasema kazi imeisha. Kwangu mimi ndiyo inaanza, na inafanyika juu ya kupika, kufua na kulea. Msimu mmoja mvua ilikuja saa tisa usiku, nilikuwa na mtoto mchanga, nilianua gunia tatu peke yangu. Asubuhi nikaulizwa kwa nini mahindi mengine yameloa.

Mleta uzi, mama yako alichora miezi kwenye ukuta. Je, aliandika na majina ya watu?

---

JembeMoja

Dada, nimekaa na swali lako tangu jana.

Hakuandika. Mwaka wa kwanza na wa pili, ghala lilikuwa la mke wangu na mama. Mimi nililima, nikavuna, nikaanza kutafuta vibarua nje. Nikiwa mkweli, sehemu ya yale mahindi yaliyooza iliharibika kwa sababu mke wangu alikuwa anaumwa wiki ile ya kuanika, na mimi sikuona kama ile kazi inanihusu.

Leo asubuhi nimemwonyesha ulichoandika. Alikisoma mara mbili, akanyamaza, halafu akachukua mkaa. Sasa ukuta una majina. Kuanika na kuanua usiku ni mimi. Kuchambua ni wote baada ya chakula cha jioni, watoto wakiwemo. Kukausha mboga ni yeye na mama, kwa sababu wanajua kuliko mimi, na siku hizo jiko ni langu.

---

DadaWaUchanja

Nimelia kidogo. Msalimie sana.

---

MzeeWaKihenge

Kabla sijasahau, mbegu. Usisubiri mpaka mahindi yawe rundo uani ndipo uchague magunzi makubwa. Chagua yakiwa yamesimama shambani, ukiona mmea mzima: haukuanguka, haukuugua, majirani zake nao walikuwa wamebanana na bado ukazaa. Chavua ya mahindi inapeperushwa na upepo, kwa hiyo chukua kwenye mimea mingi, 100 na zaidi, la sivyo mbegu inadhoofika miaka ikienda. Mbegu chotara usirudishe, kizazi cha pili hakifanani na mama yake. Maharage hayana shida hiyo, yanajichavusha yenyewe.

---

JembeMoja *(baada ya miezi 8)*

Wakuu, nimerudi na taarifa.

Mahindi ya mwaka huu tuliyapima kwa chumvi, tukaongeza siku mbili za jua, tukayaweka kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu waliokuwa ndani walitumia hewa iliyokuwemo wakafa. Jana tumefungua mfuko wa mwisho kabla ya mavuno mapya. Punje zinang'aa na hakuna unga. Mama alitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaunusa, akamwita binti yangu naye anuse.

Kati ya miezi mitano mitupu, imebaki mmoja na nusu. Maharage yameisha mapema kuliko hesabu, kwa sababu tulikula zaidi ya gramu 60. Msimu huu naongeza mistari minne.

Shida iliyobaki: mfuko mmoja ulikuwa na tundu dogo pembeni, na humo fukusi walikuwepo. Nani anajua, ni panya au ni mdudu?

---

MzeeWaKihenge

Angalia kingo za tundu. Zikiwa zimechanikachanika, ni panya, inua mifuko juu ya mbao na uiache mbali na ukuta. Likiwa duara safi kama limetobolewa na msumari, ni dumuzi ametoboa. Anaweza kutokea ndani au nje, kwa hiyo safisha ghala lote kabla ya kuingiza mapya, mpaka kwenye nyufa za nguzo.

---

JembeMoja

Ni duara safi. Kesho naanza na nguzo.